Sura ya 6: Herufi Kubwa na Ndogo Katika Mstari Mmoja

Tazama matangazo ya bei barabarani. Tarakimu zimeandikwa kubwa ili zisomeke kutoka ng'ambo ya pili, na kando yake kuna "Sh" ndogo. Kwenye tangazo moja "Sh" imekaa chini, sawasawa na tarakimu. Kwenye jingine imepanda, kichwa chake kikilingana na vichwa vya tarakimu. Kwenye la tatu inaning'inia, juu haiko na chini haiko. Mpita njia hatakwambia kosa liko wapi, lakini la tatu ataliona la ovyo. Na aliyelitengeneza huenda alikaa nusu saa akiisukuma hiyo "Sh" kwa kipanya, juu kidogo, chini kidogo, mpaka akachoka.

Sura hii imeandikwa ili kumwokolea mtu huyo nusu saa yake. Kulinganisha maandishi ya ukubwa tofauti ni hesabu ndogo inayofanywa kabla ya kushika kipanya. Programu zote za kupanga kurasa zimejengwa juu ya hesabu hiyo, na asiyeijua atagombana nazo kila siku akidhani zina wazimu.

Kisigino, si kichwa

Imamu anaponyoosha safu kabla ya takbira, hatazami vichwa. Mrefu na mfupi, mzee na kijana, wote hupangwa kwa visigino. Herufi za Kilatini nazo hupangwa hivyo. Upo mstari usioonekana ambao a, m, n, o na u husimama juu yake. Herufi b, d, h, k na l husimama papo hapo, kisha hurefuka kwenda juu. Herufi g, j, p na y huteremsha mikia chini ya mstari huo, lakini mwili wake hubaki pale pale. Katika kitabu hiki tunauita mstari wa msingi.

Katika maandishi ya Kiswahili mstari huu huonekana kwa urahisi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na kati ya a, e, i, o na u hakuna hata moja yenye mkia. Kila neno humalizikia juu ya mstari. Pandisha neno moja kwa pointi moja tu katikati ya sentensi, na jicho la msomaji litajikwaa hata kama mwenyewe hajui kilichomkwaza.

Makosa huanza pale mtu anapodhani kwamba programu inapanga herufi. Programu hupanga visanduku vilivyobeba herufi. Ukisema fonti ni ya pointi 12, usitafute ndani yake herufi yenye kimo cha pointi 12. Hicho ni kimo cha kisanduku, na ndani yake mbunifu wa fonti amechora herufi kwa kimo alichokitaka mwenyewe. Ndiyo maana herufi ndogo za Arial ya pointi 10 zinakaribia kimo cha herufi ndogo za Times New Roman ya pointi 11.5. Anayelinganisha visanduku kwa kingo zake za juu au za chini atapata maandishi yaliyopishana. Anayelinganisha mistari ya msingi atapata maandishi yaliyonyooka, fonti iwe ipi na ukubwa uwe wowote.

Risasi ya St. Louis

Kisanduku hiki hakikubuniwa na kompyuta. Kwa zaidi ya miaka 400 kilikuwa kitu cha kushikwa mkononi: kipande cha madini ya risasi, antimoni na bati, chenye sura ya herufi iliyogeuzwa juu yake. Mpanga chapa alivipanga vipande kimoja kimoja, na alipotaka kuachanisha mistari alichomeka vibanzi vyembamba vya risasi katikati. Ukubwa wa herufi ulikuwa kimo cha kipande chenyewe.

Tatizo ni kwamba kila kiwanda kilisubu herufi kwa vipimo vyake. Moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871 ulikiteketeza kiwanda cha Marder, Luse & Co., nacho kilipoanza upya kilitumia fursa hiyo kusubu herufi ambazo vimo vyake vyote vinatokana na kipimo kimoja kidogo. Mwaka 1886 wasubu herufi wa Marekani walikubaliana juu ya pointi moja kwa wote, yenye takriban milimita 0.35. Ulaya bara ilikuwa na pointi yake, iliyotokana na familia ya Didot ya Paris, na yenyewe ni kubwa kidogo: kama milimita 0.376.

Pointi ilisawazisha vimo vya vipande, lakini haikusema mstari wa msingi ukae wapi ndani ya kipande. Kiwanda kimoja kiliuweka juu kidogo, kingine chini kidogo. Mpanga chapa aliyetaka neno la pointi 12 likae mstari mmoja na neno la pointi 24 alikuwa na pointi 12 za kujaza, nyingine juu ya kipande kidogo na nyingine chini yake, na vibanzi visipoleta usawa alichana karatasi na kadibodi kuziba tofauti iliyobaki. Mwaka 1894 Inland Type Foundry ya mjini St. Louis ilianza kuuza herufi ambazo mstari wake wa msingi umekwisha kupangwa kiwandani. Fonti zote za ukubwa mmoja zilikuwa na mstari mmoja, na kati ya ukubwa na ukubwa tofauti ilikuwa pointi kamili. Sasa vibanzi vya kawaida vilitosha, na viwanda vingine vikafuata.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama yake. Mstari uliopangwa kiwandani uliiachia mikia nafasi finyu. Frederic Goudy alipochora Goudy Old Style kwa ajili ya American Type Founders mwaka 1915, mikia ilifupishwa ili iingie katika mstari wa kiwanda. Ifungue fonti hiyo kwenye kompyuta yako, andika neno "gugu" na neno "papai", na mikia mifupi utaiona mpaka leo.

Kisanduku cha Knuth

Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, alipata prufu za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake, The Art of Computer Programming. Uchapaji ulikuwa umeacha risasi na kuhamia kwenye herufi za picha, na kurasa hazikumridhisha hata kidogo. Akaamua kuandika programu yake mwenyewe, nayo ndiyo TeX, ambayo wanahisabati na wanafizikia wanaitumia hadi sasa, wengi wao kupitia LaTeX.

Knuth aliichukua pointi ya Marekani kama ilivyo, pointi 72.27 kwa inchi. Adobe, kampuni iliyoanzishwa na John Warnock na Charles Geschke mwaka 1982, ilichagua pointi 72 kamili kwa inchi katika lugha yake ya PostScript, na hiyo ndiyo pointi ya programu nyingi za leo. Tofauti yaonekana ndogo, lakini urefu wa karatasi ya A4 ni pointi 842 kwa hesabu ya Adobe na 845 kwa hesabu ya Knuth. Ukihamisha vipimo kutoka programu moja kwenda nyingine bila kubadilisha pointi, ukifika chini ya ukurasa utakuwa umepotea kwa milimita nzima.

Kisanduku cha TeX kina vipimo vitatu: upana, kimo juu ya mstari wa msingi, na kina chini yake. Visanduku vilivyo kando kwa kando hukutanishwa kwenye mstari wa msingi. Kwa hiyo ndani ya mstari mmoja huna kazi ya kufanya. Neno la pointi 24 na neno la pointi 9 yatasimama pamoja yenyewe. Shida iko kati ya mstari na mstari.

Hapo TeX hufuata kanuni mbili. Ya kwanza: kutoka mstari wa msingi mmoja hadi unaofuata, iachwe nafasi iliyotajwa, tuseme pointi 12. Ya pili: ikiwa visanduku ni virefu hata vingeingiliana kwa nafasi hiyo, ile 12 ipuuzwe na kati ya kisanduku na kisanduku iwekwe pointi moja. Kanuni ya pili ndiyo inayowashangaza watu. Neno moja kubwa katikati ya aya huusukuma mstari wake chini, na kuanzia hapo aya nzima haiendi tena sambamba na ukurasa wa mkabala. Word nayo hufanya hivyo inapoachwa kwenye nafasi yake ya kawaida: mstari hurefuka kulifuata neno refu kuliko yote. Katika InDesign nafasi ya mistari hubebwa na kila herufi, na yenye nafasi kubwa zaidi huushinda mstari mzima. Ukiiachia programu ichague, huchukua asilimia 120 ya ukubwa wa herufi. Katika Word na InDesign dawa ni ile ile: taja mwenyewe idadi maalumu ya pointi za nafasi ya mistari, wala usiiache programu ikukisie.

Upo mtego unaowanasa wengi wanaoanza LaTeX. Mtu anataka aya moja iwe ya herufi ndogo. Anafungua mabano, anaweka amri ya \small, anaandika aya yake, anafunga mabano, kisha anaacha mstari mtupu. Herufi zinatoka ndogo kama alivyotaka, lakini mistari imeachana kama ya maandishi makubwa. TeX haiamui nafasi ya mistari mpaka aya iishe, na aya hii iliishia nje ya mabano, mahali ambapo nafasi ya zamani ilikwisha kurudi. Mstari mtupu, au amri ya \par, ukiwekwa kabla ya kufunga mabano, mistari inakaa inavyopaswa.

Nambari moja ya kitabu kizima

Tuchukue kitabu cha ukubwa wa A5. Urefu wa karatasi ni milimita 210, yaani pointi 595. Maandishi ya kawaida ni ya pointi 11, na kutoka mstari wa msingi hadi mwingine ni pointi 14; wapangaji huandika 11/14. Mistari 34 inakula pointi 476. Zinabaki 119: weka 52 juu na 67 chini.

Hiyo 14 ndiyo nambari ya kitabu. Kila kitu kingine, kiwe kikubwa au kidogo, sharti kijumlike kuwa 14, 28, 42 au 56. Chukua kichwa cha habari cha pointi 16 chenye mistari miwili, kwa nafasi ya 18. Hizo ni 36. Kufikia 56 zimebaki 20, basi weka 14 juu yake na 6 chini yake, ili kichwa kikae karibu na aya inayokihusu. Nukuu ndefu ya pointi 10 iache katika nafasi ile ile ya 14, na uipe nusu mstari juu na nusu mstari chini: 7 na 7 ni 14. Tanbihi za pointi 9 zipe nafasi ya 11.2, na mistari mitano ya tanbihi itaingia sawasawa mahali pa mistari minne ya kawaida. Tanbihi ikiwa fupi kuliko hapo, salio liachwe juu yake, ili mstari wake wa mwisho usimame mahali ambapo kurasa zote huishia.

Wachapaji wa mashairi wana hesabu yao. Wengi hupenda kuacha nusu mstari kati ya ubeti na ubeti. Beti tano zina mianya minne, jumla 28, na ukurasa uko salama. Beti nne zina mianya mitatu, jumla 21, na ubeti wa mwisho utapishana kwa nusu mstari na ukurasa wa mkabala. Ama acha mstari mzima kati ya beti, ama zile 7 zinazokosekana zitie chini ya jina la shairi.

Faida ya taabu hii inaonekana kitabu kikifunguliwa: mistari ya kulia na ya kushoto inaendana kutoka juu hadi chini. Inaonekana zaidi kwenye karatasi nyembamba, kama ya gazeti au ya msahafu mdogo, ambako wino wa upande wa pili hupenya. Mistari ya pande mbili ikikaa mgongo kwa mgongo, nafasi nyeupe hubaki nyeupe. Ikipishana, ukurasa wote huingia ukungu wa kijivu.

InDesign na Scribus, ambayo hutolewa bure, zina gridi ya mistari ya msingi. Ipe nafasi ya 14, na mwanzo wake uuhesabu kutoka ukingo wa juu. Ila jihadhari na jambo moja. Ukiamuru kila mstari ushike gridi, kile kichwa cha mistari miwili kitatanuka: mstari wake wa pili hauwezi kusimama kwenye 18, utarukia 28. Gridi iachie maandishi ya kawaida, na vichwa viendeshe kwa ile hesabu ya kujumlisha.

Fremu mbili kando kwa kando

Tuseme jarida lina jina la makala la pointi 30 upande wa kushoto na utangulizi wa pointi 10 upande wa kulia. Fremu zimeanzia mahali pamoja, lakini maandishi hayalingani. Sababu ni kwamba kwa kawaida programu huushusha mstari wa kwanza kwa kimo cha herufi ndefu za fonti, na fonti ya pointi 30 hushuka mara tatu ya fonti hiyo hiyo ikiwa ya 10. Kuvuta fremu kwa mkono ni kujichosha; ukibadilisha fonti kesho utaanza upya. Ingia kwenye mipangilio ya fremu, na mstari wa msingi wa kwanza upe umbali maalumu kutoka ukingo wa juu, fremu zote mbili umbali mmoja. Katika LaTeX, herufi t ndani ya mabano ya mraba ya \parbox hufanya kazi hiyo.

Ukitaka vichwa vya herufi vilingane badala ya visigino, hesabu nayo ipo. Katika fonti nyingi herufi kubwa zina kimo cha takriban sehemu 7 kwa 10 za ukubwa wa fonti. Ya pointi 30 ina kimo cha 21, na ya pointi 10 ina kimo cha 7. Tofauti ni 14. Kama utangulizi wako una nafasi ya mistari ya 14, jina la makala litaanzia juu pamoja na mstari wa kwanza wa utangulizi na kusimama pamoja na mstari wa pili.

Herufi kubwa ya kufungulia sura hupatikana kwa njia hiyo hiyo. Unataka ishuke mistari mitatu katika maandishi ya 11/14. Kutoka mstari wa kwanza hadi wa tatu ni 28. Ongeza kimo cha herufi kubwa ya kawaida, 7.7, upate 35.7. Gawanya kwa 0.7, upate 51. Herufi hiyo iwe ya pointi 51, isimame kwenye mstari wa tatu, na kichwa chake kitafika sawasawa na kichwa cha mstari wa kwanza.

Kiarabu na Kiswahili ukurasa mmoja

Pwani yetu imeishi na hati mbili muda mrefu. Katika miaka ya 1880 Zanzibar ilikuwa na mtambo wa Sultan Barghash uliochapa vitabu vya Kiarabu, na wa misheni ya UMCA uliochapa kwa herufi za Kilatini, likiwemo gazeti la Msimulizi lililoanza mwaka 1888. Hati hizo hukutana ukurasa mmoja katika vitabu vya dini, kama tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka mwaka 1969.

Mpangaji wa kitabu cha namna hii hawezi kuzipa hati mbili ukubwa mmoja. Kiarabu cha pointi 11 kando ya Kiswahili cha pointi 11 huonekana kimesinyaa. Herufi jim na ain huteremka sana chini ya mstari, na kati ya harakati, yaani alama za irabu, fatha na dhuma hukaa juu, na kasra hukaa chini kabisa. Kipe pointi 18, na nafasi ya mistari iwe 28. Mstari mmoja wa Kiarabu sasa unachukua mahali pa mistari miwili ya Kiswahili, na nambari ya kitabu haijavunjwa. Neno moja la Kiarabu likiingia katikati ya aya ya Kiswahili, liongeze ukubwa kidogo, nafasi ya mistari uiache 14 bila kuigusa, kisha uangalie kama kasra inagonga herufi za mstari wa chini. Ikiwa neno linasomeka bila harakati, ziondoe.

Pale jicho linaposhika zamu

Hesabu hukufikisha karibu sana, lakini kuna mahali inakuachia. Herufi za mviringo kama O na S huchorwa zikizidi mstari wa msingi kidogo, kwa sababu zikiishia juu yake huonekana zinaelea. Kwenye pointi 11 huoni kitu. Kwenye bango la pointi 300 utaona wazi, na ni sawa. Usiipandishe hiyo O.

Ukingo wa kushoto nao una hila. Kila herufi hubeba nafasi tupu ubavuni, na nafasi hiyo hukua pamoja na herufi. Ikiwa nafasi hiyo ni sehemu 5 kwa 100, kwenye pointi 10 ni nusu pointi, na kwenye pointi 60 ni pointi 3. Kichwa kikubwa na aya iliyo chini yake vinaweza kuwa vimeanzia ukingo mmoja kwa kipimo cha programu, na bado kichwa kikaonekana kimeingia ndani. Kivute kushoto pointi 2.5.

Sasa turudi kwenye bei. Tarakimu ni za pointi 60, kimo chake 42. "Sh" ni ya pointi 24, kimo chake 16.8. Ukitaka isimame chini, usifanye lolote. Ukitaka vichwa vilingane, ipandishe pointi 25.2. Hapo ndipo mahali pawili panapokubalika. Popote kati ya hapo ni kosa, na kipanya hakitalifanya kuwa si kosa.

Basi, kabla ya kufungua programu kwa kazi yako ijayo, iwe kadi ya harusi, ripoti ya ofisi au kitabu kizima, chukua karatasi na uandike nambari moja: nafasi ya mistari ya maandishi ya kawaida. Chini yake andika ukubwa wa vichwa, nukuu na tanbihi, na nafasi za juu na chini za kila kimoja, mpaka kila jumla igawanyike kwa nambari hiyo bila salio. Ndipo uwashe kompyuta.